Kijiti cha Klachi Kinachotwanga Iliki

Adeer,

Nimefunga klachi peke yangu. Naanza na hilo kwa sababu najua salamu ndefu hukuzipenda. Mtu alikuwa akifika hapa na kuanza habari za watoto, za ngamia, za mvua ya kule Modogashe, wewe unamkata katikati: "Gari iko na nini?" Basi gari ilikuwa na klachi. Ni ile Landikruza nyeupe ya Hajja Halima, ya kubeba maziwa ya ngamia. Sasa hivi iko barabarani, na mimi niko hapa gereji nakuandikia nyuma ya karatasi za kalenda ya mwaka jana. Grisi haijatoka vizuri kwenye vidole, kwa hivyo ukiona alama usinigombeze.

Nikupe habari za hapa kwanza. Ule ukuta wa mabati upande wa barabara bado umeinama, na bado nasema nitaunyoosha Jumamosi. Yule ngiri mwenye jino moja bado anakuja saa sita mchana kulala kwenye kivuli cha lori bovu, na amenona, sijui anakula nini. Pipa lako la oili, lile la kukalia, halikukaliwa na mtu mpaka juzi. Watu walikuwa wanafika, wanaliangalia, halafu wanaenda kukaa kwenye jiwe. Aliyelikalia juzi nitakuambia mbele.

Wateja, Adeer, nitasema ukweli, walikimbia. Ni miezi minne tangu tukuzike, na mwezi wa kwanza nilidhani ni matanga, watu wana heshima. Mwezi wa pili nikaona heshima imezidi. Mtu anasimamisha gari pale mlangoni, anachungulia, anaona pipa halina mtu, anasema "Nitarudi," na harudi. Mmoja aliniuliza kama kuna fundi. Nilikuwa chini ya gari, miguu yote miwili inaonekana, spana mkononi, na yeye anaiuliza miguu yangu kama kuna fundi.

Lakini siwezi kuwalaumu sana. Walizoea kuona tunavyofanya kazi. Tangu mgongo wako uharibike, mimi ndiye mikono na wewe ndiye masikio. Wewe juu ya pipa na chupa yako ya chai, bisibisi ndefu umeiegemeza kwenye chuma, ncha ya huku iko sikioni. Mimi chini, nasukuma giaboksi, napiga kelele: "Adeer, imeingia?" Na wewe unanyamaza kwanza, unafurahia kunitesa, halafu unasema, "Bado, Bius, rudisha," au ile nyingine tamu, "Imekubali, Bius." Miaka kumi na nne sikufunga giaboksi hata moja bila kukuuliza. Hata zile nilizojua zimeingia, nilikuuliza. Pius ndilo jina langu, lakini kwa ulimi wako wa Kisomali lilikuwa Bius, kama wewe kwangu ulivyokuwa Adeer, yaani ami, na nililizoea mpaka mama akiniita vizuri kwa simu nadhani nimekosa kitu.

Sasa nikuambie jambo ambalo ukiwa hai nisingethubutu. Wiki ya tatu baada ya mazishi nilinunua jembe. Nililinunua pale sokoni, jembe zuri, mpini wake mzito, umenyooka. Ndugu yangu kule Mwingi alikuwa ananipigia kila Jumapili: shamba lipo, mvua inakuja, njoo tupande ndengu, huko Garissa unamngoja nani sasa? Jembe nikalificha nyuma ya mabati, pale ulipokuwa unaweka mswaki wako, na nikajiambia: nitangoja kazi moja kubwa. Ikinishinda, nafunga gereji, nachukua jembe langu, naenda nyumbani. Nilidhani haitakuja. Halafu Jumatatu asubuhi nikasikia kelele kutoka mbali, na kabla sijaona gari nilijua ni nini.

Unaijua ile kelele. Dereva akikanyaga klachi, chuma kinalia. Akiachilia, kinanyamaza. Ni ile beringi inayosukuma klachi ukikanyaga pedali, imekauka, imekufa. Na pleti nayo ilikuwa imekwisha, maana injini inanguruma na gari haiendi, na harufu ya kuungua imejaa barabara nzima. Anayeiendesha ni yule mpwa wake Hajja, anapumzisha mguu kwenye pedali kutoka porini mpaka mjini. Nilimwambia maneno yako yale yale, kwamba klachi si mto wa kulazia mguu. Akaniangalia kama anayesikia kitu kipya. Wewe ulimwambia mara sita nikiwepo.

Hajja akashuka. Hakunisalimia vizuri. Alisema ana maziwa ya wanawake saba kutoka kule ndani, kila asubuhi, na gari la kukodi linafika jua likiwa limeshapanda na nusu ya maziwa imeshaganda. Akasema ananipa mpaka Jumatano adhuhuri. Isipokuwa tayari, ataifunga kamba aivute mpaka gereji zile kubwa za ng'ambo, na asirudi tena, wala yeye wala mwanamke yeyote wa maziwa. Halafu akakaa kwenye jiwe, akanitazama, akasema: "Na usinipikie nyama tena."

Adeer, nilicheka, halafu nikaona yeye hacheki.

Najua unaikumbuka, lakini wacha niikumbuke tena, kwa sababu peke yangu haina raha ya kutosha. Mwaka wangu wa pili hapa. Sheria yako ya kwanza ilikuwa moja: hapa hakuna kitu kinaingia kwenye gari bila kuoshwa, kwa sababu ya hili vumbi jekundu. Kila bolti kwenye bakuli la petroli, kila chuma, piga brashi, kausha. Na mimi mwanafunzi mwema nikaosha kila kitu. Hata beringi mpya ya klachi, imetoka kwenye boksi lake, ina grisi yake ya ndani ya kuitosha maisha, nikaitumbukiza kwenye petroli na kuisugua mpaka ikang'aa. Niliizungusha mbele yako kwa majivuno, ikazunguka haraka sana, nyepesi, na wewe ulikuwa unabishana na mtu kuhusu bei ya mbuzi ukasema tu, "Fizuri." Kwa hivyo usijifanye malaika, makosa yale tuligawana.

Ile gari ilifika karibu na Modogashe ikaanza kulia. Ilikuwa gari nyingine ya Hajja, ile ya kijani ya zamani. Tukaenda huko na lori la mchanga, tukashusha giaboksi kando ya barabara jua kali, na beringi imekauka kama mfupa. Duka lilikuwa na sabuni, sukari, tochi, betri, kila kitu isipokuwa grisi. Mimi nilikuwa karibu kulia. Wewe ukaenda kwenye kile kibanda cha chakula, ukarudi na sufuria, ndani mafuta ya mkia wa kondoo yanachemka, ukaitia beringi ndani kama unakaanga mandazi. Ukaigeuza kwa kijiko. Ukasema, "Bius, leo tunakula au tunasafiri?"

Ilitufikisha. Lakini kila dereva alipokanyaga klachi, gari lote lilinuka nyama ya kuchoma. Wiki mbili nzima, hata baada ya kuweka beringi nyingine. Hajja alisema paka wa soko wanamfuata, na abiria mmoja aliuliza chakula kinaandaliwa saa ngapi. Mimi nilitaka kukimbia mji. Wewe hukunipiga, hukunitukana. Ulinipa beringi ile iliyokufa niifunge na uzi, nikaitundika ukutani, na ulisema kila nikiiona nikumbuke kwamba kuosha pia kunaua. Iko pale bado, Adeer. Ina vumbi.

Basi nikaanza. Jumatatu mchana na Jumanne asubuhi nilitoa kila kitu: propela ya mbele, propela ya nyuma, stata, vijiti vya gia, ile pampu ndogo ya klachi ya upande, na giaboksi yenyewe na mzigo wake wote wa gia za mlima. Kushusha nilisaidiwa na wale wanaume wawili wa mikokoteni ya punda, wanaoleta maji kutoka mtoni. Walifunga punda wao kwenye ule ukuta ulioinama, sasa umeinama zaidi. Pleti ya zamani nilipoitoa ilikuwa nyembamba, misumari inaonekana, na beringi haizunguki, inasaga. Nilifurahi kuwa nimesikia sawa kutoka mbali. Nilitaka kumwambia mtu, nikageuka kwenye pipa, halafu nikaendelea na kazi.

Pleti mpya niliiangalia mara tatu, upande wenye springi utazame giaboksi. Beringi mpya sikuiosha. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye bakuli la petroli, wallahi nilikuwa nimeshaishika juu ya bakuli, nikainua macho nikaona ile nyingine imening'inia ukutani. Nikaifunga kwenye leso safi nikaiweka mfukoni mwa shati, na hapo ikakaa mpaka saa yake.

Kilichobaki kilikuwa kuipanga pleti katikati kabla ya kukaza presha pleti, kile kifuniko kinachoibana, juu yake. Na hapo, Adeer, nikaenda kwenye msumari wako kuchukua kijiti. Msumari ulikuwa mtupu.

Nilitafuta kila mahali. Nilihamisha mitungi, nilifagia chini ya benchi, nilimwamsha hata ngiri. Kile kijiti ndicho kilichofunga kila klachi ya gereji hii. Ncha nyembamba inaingia kwenye kibeseni kidogo cha beringi katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, tumbo nene linajaza tundu la pleti, na vyote vinakaa mstari mmoja ili shafti ya giaboksi ipite bila kugombana. Wenzetu wa Nairobi wana vya plastiki vya dukani. Wewe ulikuwa na chako, ulichochonga kwenye bakora yako ya kuchungia ngamia, mwaka ulipotoka Wajir kuja kujifunza magari. Uliniambia ulikata ile bakora kwa msumeno mbele ya fundi wako, na jioni baba yako alipouliza iko wapi, ulimjibu tu, "Imekatika." Ulikuwa unaicheka hadithi hiyo kila mara, lakini ukiisimulia ulikuwa unakishika kile kijiti kwa mikono miwili.

Nikachukua mpini wa fagio. Usiseme kitu. Niliuchonga haraka, ukawa mwembamba, nikauzungushia utepe wa umeme mpaka ukanenepa, nikapanga pleti kwa jicho na kwa maombi, nikakaza. Wanaume wa maji wakainua giaboksi nami. Tulisukuma. Ikakataa. Tukateremsha, tukazungusha shafti kidogo, tukainua. Ikakataa. Mara nne, Adeer, jua la saa nane, na kila mara inafika mahali pale pale, upana wa vidole viwili, inasimama. Mmoja akasema tuivute kwa bolti iingie kwa nguvu. Nilimkatalia kwa sauti mpaka punda wakashtuka. Nakumbuka ulivyoniambia kwamba kuvuta kwa bolti kunavunja pleti, na nakumbuka spana uliyonitupia. Mara ya nne nilipiga kelele, "Adeer, imeingia?" na wale wawili wakatazamana. Walisema wanaenda kuuza maji.

Hajja alikuwa hapo amekaa kwenye jiwe. Alisimama, akapangusa nguo, akasema, "Kesho adhuhuri," akaenda zake. Nililala chini ya ile gari kama nusu saa bila kufanya kitu. Nililia kidogo. Nakuambia kwa sababu hutamwambia mtu.

Halafu nikawaza: vitu vyako vingine Mama Sahra alivichukua siku ile ya msiba, akapeleka nyumbani. Redio, kofia, ile miwani ya mguu mmoja. Huenda na kijiti. Nikanawa, nikatembea mpaka kwako mtaa wa Iftin kabla ya magharibi.

Mkeo mzima, Adeer. Amekonda kidogo lakini sauti ni ile ile. Alinigombeza kwanza kwamba siendi kumwona, halafu akaniwekea mkeka pale uani na kuanza kupika chai. Mimi nikawa natafuta maneno. Utamwambiaje mjane wa mtu, naomba kipande cha mti? Nikasikia kwanza, sikuona. Tak, tak, tak. Nikageuka. Amekaa kwenye kigoda, ana kinu kidogo magotini, anatwanga iliki na tangawizi. Na anatwangia kijiti cha klachi.

Nilikitambua kabla hajakiinua. Tumbo lile lile, weusi ule ule wa miaka, ile alama ya meno ya siku uliyokishika mdomoni ukafyatukiwa na jeki. Ncha nyembamba ameishika yeye, tumbo nene linapiga iliki. Kusema kweli kinatwanga vizuri sana. Nilifungua mdomo kuuliza, na yeye akaniona nakitazama. Akasema, "Hii nilitoa gereji. Nimeosha na majivu, nimeosha na maji moto, lakini iko na harufu yake. Nikitwanga, nasikia." Akakinusa, akacheka kwa aibu, akaendelea kutwanga.

Ningemwambia nini? Nilikunywa vikombe vitatu. Iliki nyingi, tangawizi nyingi, na nyuma kabisa, mwisho wa ulimi, kitu fulani cha gereji. Akaniuliza kama chai ni tamu. Nikamwambia haijawahi kuwa tamu hivi, na sikusema uongo. Wewe uliyekuwa unapiga kelele kwamba chombo cha kazi hakiendi nyumbani, chombo chako kimekwenda nyumbani, na hakirudi. Mimi ndiye nimeamua hivyo. Kama una malalamiko, umechelewa.

Njiani kurudi nilikuwa nacheka peke yangu, watu wa Iftin wananipisha. Lakini nilipofika na kuona giaboksi imelala kwenye gunia, kicheko kiliisha. Nilifunga mlango, nikaenda kulala.

Jumatano niliamka na adhana ya kwanza. Nilikwenda nyuma ya mabati, nikatoa jembe. Nilikaa nalo kwenye benchi muda mrefu. Ule mpini, Adeer, ulikuwa mti mgumu, mkavu, hauna fundo hata moja. Wa fagio ulikuwa mti wa bure tu, unabonyea. Nilijua tangu Jumanne mchana mti mzuri uko wapi, na nilijifanya sijui. Nikaufunga kwenye jiliwa, nikachukua msumeno, nikaukata.

Nilichonga pole pole. Nilipima kwa kidole gumba kama ulivyokuwa unapima, lakini gumba langu ni nene kuliko lako, kwa hivyo nilipima tena kwa shafti yenyewe. Nikapiga msasa. Nikafungua presha pleti iliyokuwa imefungwa vibaya, nikakiingiza kijiti, kikakaza kidogo. Nikapiga msasa tena. Mara ya tano kikaingia kwenye beringi ya flaiwili kwa sauti ndogo, na tumbo likajaza tundu la pleti, halichezi, halibani. Nikairudisha presha pleti, nikakaza bolti kidogo kidogo, hii halafu ya mkabala wake, zamu kwa zamu, mpaka zote zikanyamaza. Nikavuta kijiti. Kikatoka bila kung'ang'ania. Beringi nikaitoa kwenye leso, grisi kidogo tu pale inapoteleza, nikaivisha kwenye uma wake.

Wanaume wa maji walirudi saa tatu. Sikuwaita. Walisema punda wamekataa kupita bila kusimama hapa, uongo mtupu, walitaka kuona mwisho. Na Hajja naye akaja mapema, na wanawake wawili wa maziwa nyuma yake, na mpwa wake anakula embe. Hajja alienda kwenye jiwe, akalikuta lina jua kali. Akatazama huku na huku. Akaenda akakaa kwenye pipa lako. Mimi nilikuwa nimeshaingia chini.

Nilisema Bismillah. Ndiyo, Mkatoliki mzima, na rozari iko shingoni. Padri akiuliza, nitasema ni spana. Tukainua. Shafti ikapita kwenye uma, ikagusa pleti, nikazungusha kidogo kwa mkono, nikasukuma kwa bega. Ikateleza. Adeer, iliteleza kama haijawahi kuwa na ugomvi na mtu, ikaenda mpaka ikabusu injini, tup, pande zote sawa. Na mimi, mjinga wako, huku mikono imeshikilia na jasho limejaa machoni, nikapiga kelele kama siku zote:

"Adeer, imeingia?"

Wale wawili wakanitazama tena. Halafu kutoka kwenye pipa lako ikaja sauti ya Hajja, ya kukasirika kabisa:

"Unauliza nani? Fundi si ni wewe?"

Nilibaki pale chini nimeishika giaboksi. Hakuwa ananipongeza, unamjua. Alikuwa ananigombeza kwa kumpotezea wakati. Lakini katika miezi minne ndiyo mara ya kwanza mtu wa mji huu aliniita hivyo, na hakujua kama ameniita. Nikaweka bolti ya kwanza, nikakaza. Nikasema polepole, kwa sauti yako, "Imekubali, Bius." Mmoja wa wale wa maji akasema amina.

Saa sita kasoro gari ilikuwa chini, magurudumu yote manne. Hajja alimtoa mpwa wake kwenye usukani, akaingia mwenyewe, sikujua kama anajua kuendesha. Akakanyaga klachi. Hakuna kelele. Akakanyaga tena, akaweka sikio. Halafu akavuta pumzi kwa pua, ndefu, akanusa gari zima kama anayekagua maziwa. Akasema, "Haina nyama," akatia gia na kuondoka nayo, mpwa anakimbia nyuma na embe lake.

Jana asubuhi nilikuta kibuyu cha maziwa mlangoni na magari mawili yanangoja. Mmoja wa wenye magari alikuwa yule aliyeiuliza miguu yangu. Leo kuna matatu, na moja ni la watu wa kambi ya Ifo, wamekuja na vumbi lao lote.

Ndugu yangu alipiga jana usiku, hakungoja Jumapili, kuuliza nafika lini kupanda. Nikamwambia mpini wa jembe umekatika. Akasema si ununue mwingine. Nikamwambia nitaona. Kichwa cha jembe nimekiweka chini ya mguu wa ile benchi iliyokuwa inayumba, na tangu hapo haiyumbi tena. Kumbe ilikuwa inataka jembe tu.

Nakuacha sasa, Adeer, wenye magari wananitazama nikiandika, wanadhani naandika orodha ya spea. Kijiti changu nimekitundika kwenye msumari wako. Pipa nimekalia mimi leo, na akija aliyechoka nitampisha. Ukuta nitaunyoosha Jumamosi. Kila Ijumaa jioni nitaenda Iftin kunywa chai, na maadamu Mama Sahra anatwanga, hatajua kutoka kwangu kile kijiti kilikuwa kinafanya kazi gani. Hiyo ni ahadi. Na nyingine: gereji hii haifungwi nikiwa na mikono miwili.

Nikiwa chini ya gari nitaendelea kukuita, ulimi hausikii. Usijisumbue kujibu, pumzika, mgongo wako ulifanya ya kutosha. Nitajijibu mwenyewe.

Imekubali, Adeer.

Bius